Mbwa wa Katuni Hajala Mahari ya Mtu



Leo hatuna singo, hatuna hina, wala hatuonyeshi namna ya kufunga mtandio. Leo tuna hasira, na tumeona bora tuzitoe hapa kuliko kuzifuga kifuani. Mada yetu ni mbwa. Tena si mbwa wa kweli anayebweka uani kwa jirani, ni mbwa wa kuchorwa, Scooby-Doo, yule wa rangi ya kahawia mwenye madoa meusi na kola ya buluu, ambaye wengi wetu tulimtazama utotoni kwenye kanda za video na baadaye kwenye dishi. Mnacheka? Subirini kwanza.

Msomaji wetu mmoja, bi harusi wa juzi juzi tu, alikuwa akipanga vitu vya kupeleka nyumba mpya. Mashuka, mapazia, doti za kanga, udi na chetezo chake, kila kitu kwa mpango. Katikati ya vitu hivyo akatia mto mdogo wenye picha ya Scooby-Doo, aliouletewa na marehemu baba yake aliporudi safari, yeye akiwa darasa la tatu. Wakaja wanawake wa upande wa mume kukitazama chumba. Mto ukaonekana, ikawa balaa. Mbwa chumbani kwa bi harusi! Malaika watapita wapi? Na katuni yenyewe ni ya mashetani! Mto ukatolewa nje kwa ncha ya fagio kama panya aliyekufa, na binti wa watu amesimama pembeni anatazama.

Sasa hapo tungesema sawa, wakubwa wamekosoa, tukubali. Lakini jioni ya siku ile ile, wanawake wale wale wakarudi na fundi wa kuzindika chumba. Mwanamume mzima, mwenye tasbihi ya shanga nene na mkoba wa ngozi, akaingia chumba kile kile kilichotolewa mto, akafukiza, akapiga bao lake, akasema bi harusi ana jini mahaba na ndoa haitadumu mwaka. Dawa yake shilingi laki sita, kuku mweusi, na bangili moja ya dhahabu ya kwenda kulazwa usiku saba. Bangili hiyo ilikuwa sehemu ya mahari. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyeuliza kuhusu malaika.

Basi hapo ndipo penye hasira zetu.

Tuanze na mbwa, tusije tukaambiwa tunakimbia hukumu. Sisi wa visiwani wengi wetu ni Mashafii, na tunajua tulivyosomeshwa chuoni: chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Tunajua hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye mbwa au picha. Hatubishani na hayo hata kidogo. Lakini mbwa wa kwenye skrini hana mate. Na kuhusu mto, wenye kupenda kukataza wangesoma na ile riwaya ya Bibi Aisha, Mungu amuwie radhi: alitundika pazia lenye picha, Mtume (s.a.w.) hakupendezwa nalo, basi akalikata na kulifanya mito ya kuegemea, na mito hiyo ikatumika. Kuna riwaya nyengine pia inayokataza hata mto, na wanavyuoni wameeleza na wamekhitilafiana, kila mmoja na hoja yake. Anayetaka kuchukua hatua ya tahadhari na akauondoa mto chumbani, amefanya vyema na tunamheshimu. Tunachokataa ni ule mkono unaoogopa mto na hauogopi mkoba wa mganga.

Na mbwa mwenyewe katika dini yetu si kiumbe wa kulaaniwa tu. Yumo katika Suratul Kahf, amenyoosha miguu yake mlangoni mwa pango pamoja na vijana wa watu walioamini. Mbwa aliyefundishwa kuwinda, windo lake limehalalishwa katika Suratul Maida. Na yule mwanamke wa Bani Israili, ambaye kazi yake sote tunaijua, alisamehewa kwa sababu alimteremshia mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake. Kwa hiyo wanaosema picha ya mbwa peke yake ni ushetani, waende polepole.

Tuje kwenye katuni, maana tuna hakika waliotoa mto kwa fagio hawajawahi kukaa wakaitazama.

Scooby-Doo alitokea mara ya kwanza Marekani, kwenye kituo cha CBS, Jumamosi asubuhi ya tarehe 13 Septemba 1969. Studio iliyomtengeneza ni ya William Hanna na Joseph Barbera, wale wale wa Tom na Jerry. Waandishi walikuwa Joe Ruby na Ken Spears, na mchoraji aliyempa sura ni Iwao Takamoto. Hebu sikilizeni kwa nini alitengenezwa. Mwaka 1968 Wamarekani walikuwa wamechoka na damu. Martin Luther King ameuawa Aprili, Robert Kennedy ameuawa Juni, vita vya Vietnam viko kwenye televisheni kila usiku, na asubuhi ya Jumamosi watoto wanatazama katuni za mashujaa wa kupigana ngumi na miale ya moto. Wazazi wakalalamika. Mwaka huo huo wa 1968, kina mama wachache wa Newton, karibu na Boston, wakakutana sebuleni kwa mwenzao aitwaye Peggy Charren, wakaanzisha chama cha kutetea watoto mbele ya televisheni. Kina mama, sebuleni, wenye watoto wadogo. Kazi yao iliendelea zaidi ya miaka 20 mpaka Bunge la Marekani likapitisha sheria ya televisheni ya watoto mwaka 1990.

Katika hali hiyo, mkuu wa vipindi vya mchana wa CBS, Fred Silverman, akataka katuni isiyokuwa na kupigana. Akafikiria vijana wanaofumbua mafumbo. Wakubwa wake wakaiona michoro ya mwanzo inatisha mno kwa watoto. Basi mbwa, ambaye hapo mwanzo alikuwa msindikizaji tu, akasukumwa mbele awe ndiye mwenye kipindi: mwoga, mlafi, mwizi wa mkate wa mwenzake, anayejificha ndani ya pipa akisikia mlango unalia. Silverman alisimulia kwamba jina alilipata ndani ya ndege, akimsikiliza Frank Sinatra akimalizia wimbo kwa silabi zisizo na maana. Ndiyo hayo tu. Si jina la shetani, kama linavyosema lile tangazo linalozunguka kwenye simu zetu kila Ramadhani.

Hata umbo lake ni mzaha. Takamoto alimwendea mwenzake pale studio aliyekuwa akifuga mbwa wakubwa wa aina ya Great Dane, akamuuliza mbwa mzuri wa mashindano anakuwaje. Akaambiwa mgongo umenyooka, miguu imenyooka, kidevu kimekaza. Akaenda akachora kinyume chake chote: mgongo umeteremka, miguu imepinda, kidevu kinaning'inia. Wenye watoto mnajua kwa nini watoto wanampenda. Hana cha kujivunia, na bado yuko pale.

Sasa kilichomo ndani. Vijana wanne na mbwa wao wanazunguka ndani ya gari lao la kijani na buluu. Wanafika mahali, wanakuta watu wamekimbia kwa sababu kuna mzuka. Mwisho wa karibu kila sehemu mzuka unanaswa, kinyago kinavuliwa, na chini yake yuko mtu. Katika mfululizo ule wa kwanza zilikuwa sehemu 25, na utaratibu ni huo huo. Sehemu ya kwanza kabisa, vazi la chuma la askari wa kale linatembea usiku ndani ya makumbusho. Anavuliwa: ni msimamizi wa makumbusho mwenyewe, anaiba picha za thamani na kutundika za bandia. Nyengine, mzuka wa mchimba dhahabu unafukuza wageni kwenye mji wa zamani. Anavuliwa: ni mfanyakazi wa pale pale, amegundua mafuta chini ya ardhi na anataka mwenye mali auze kwa bei ya kutupa. Nyengine, kiumbe cha angani kinachocheka gizani. Anavuliwa: ni jirani anayetaka kununua mashamba ya wenzake rahisi halafu ayauze kwa jeshi la anga. Nyengine, mzuka wa kasri. Anavuliwa: ni mfanya mazingaombwe anayetafutwa na polisi, anatumia hila za jukwaani kutisha watu ili atafute hazina kwa nafasi.

Mmeona kitu gani? Sisi tulipoitazama tena ukubwani tuliona vitu viwili. Kwanza, mzuka hauji pasipo na mali. Haujapata kutokea mzuka wa kusumbua watu mahali ambapo hakuna ardhi, dhahabu, mafuta au urithi. Pili, anayevaa kinyago karibu kila mara ni mtu ambaye umeshamuona mwanzo wa kipindi. Ni jirani, ni msimamizi, ni mfanyakazi, ndiye aliyekuwa wa mwanzo kukwambia "jihadharini, hapa pana mambo."

Wallahi tulitazamana.

Tunajua mtakayosema, na mengine ni kweli. Vijana wale, wasichana wawili na wavulana wawili wasiokuwa maharimu, wanasafiri usiku pamoja, jambo ambalo hatuwafundishi wanetu. Daphne, yule mwenye nywele nyekundu, kila siku ni wa kutumbukia shimoni na kutekwa, na kazi yake nyengine ni kupendeza. Hilo linatuudhi kuliko hata mbwa. Heri Velma mwenye miwani, ambaye miwani ikimwanguka haoni kitu, lakini akili yote ya gari ni yake. Na ule ulafi! Mkate wenye tabaka kumi na mbili, na mbwa anayekubali kila jambo la hatari kwa kupewa biskuti. Biskuti ile kwa Kiswahili chetu inaitwa rushwa. Mama akae na mtoto, amwambie hili ndiyo na hili siyo. Televisheni si yaya.

Tena tutofautishe. Baada ya miaka, waliochoka na vinyago wakabadilisha. Mwaka 1985 ukaja mfululizo wenye mizuka 13 ya kweli iliyotoroka ndani ya sanduku, na mwaka 1998 ikaja filamu ya kisiwa cha wafu wanaotembea, ambapo wachawi na wafu ni wa kweli ndani ya hadithi. Hizo sisi hatuzipendi. Zinamfundisha mtoto kwamba uchawi ni nguvu ya kustaajabisha, na zimeiua ile hoja nzuri ya mwanzo. Mwenye kutaka kukataza, akataze hizo, tutamshika mkono.

Lakini turudi kwa mchoraji, maana habari yake imetukaa moyoni. Iwao Takamoto alizaliwa Los Angeles mwaka 1925, wazazi wake Wajapani. Mwaka 1942, baada ya Japani kupiga Pearl Harbor, serikali ya Marekani ilitoa amri watu wenye asili ya Kijapani waliokuwa pwani ya magharibi wahamishwe. Watu wapatao 120,000, theluthi mbili yao raia waliozaliwa pale pale, wakafungiwa kambini. Familia ya Takamoto ikapelekwa Manzanar, jangwani California. Ndani ya waya ule ndipo kijana yule alipofunzwa kuchora na wafungwa wenziwe. Watu walipewa siku chache tu za kuondoka, wakauza maduka na vyombo kwa bei ya kutupa, na wanunuzi hawakukosekana. Mwaka 1983 tume ya serikali yenyewe ilisema hapakuwa na sababu ya kijeshi, ilikuwa ubaguzi, kiwewe cha vita na uongozi mbovu. Hatujui alikuwa akiwaza nini alipochora, na hatutaki kumsemea. Tunasema tu kwamba mkono uliochora katuni ya watu wanaotiwa hofu wauze mali zao rahisi ulikuwa mkono wa mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake.

Na sauti ya Shaggy, kijana mwembamba rafiki wa mbwa, ilikuwa ya Casey Kasem, jina lake la kuzaliwa Kemal Amin Kasem, mtoto wa Detroit kutoka familia ya Kidruzi yenye asili ya Lebanon. Huyu ndiye aliyeacha kazi kwenye katuni ya Transformers miaka ya 1980, kwa sababu walimletea maandishi yenye nchi ya Waarabu iliyopewa jina la kejeli linalotokana na bomu la gari. Akasema hapana, akaondoka. Tunaambiwa kila siku "katuni za makafiri zinatudhalilisha," na mtu aliyekataa kudhalilishwa hadharani, akapoteza na ujira wake, hakuna anayemtaja. (Huyo huyo mwaka 1995 aliacha hata kuwa Shaggy, maana yeye alikuwa hali nyama na walitaka sauti ya Shaggy itangaze baga. Akarudi mwaka 2002, Shaggy naye amekubaliwa kuwa asiyekula nyama. Kichwa kigumu, Mungu atupe na sisi kidogo.)

Sasa penye uzito. Dada mmoja alitwambia: "Nyinyi mnawafundisha watoto kwamba hakuna majini." Hapana, dada yetu. Majini yapo. Qur'ani ina sura nzima kwa jina lao, na anayewakanusha amekanusha jambo zito. Husda ipo, na jicho lipo. Kisomo ni sunna: Fatiha, Ayatul Kursi, Kul huwallahu na zile mbili za kujikinga, asubuhi na jioni na wakati wa kulala. Ukisomewa na mama yako, na mumeo, na wewe mwenyewe ukajisomea, hapo hakuna kinyago. Katuni haijui ghaibu na hatukuiomba itufundishe ghaibu.

Lakini kuamini majini si kuamini kila anayesema ameongea nao. Hizo ni habari mbili. Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku arobaini. Siku arobaini, mwanangu! Unaingia kwenye ndoa, fungate lako lote na zaidi, unasimama kwenye msala na sala haina kibali, eti kwa sababu umetafuta ulinzi wa ndoa. Na aliyekupeleka ndiye aliyetoa mto kwa fagio.

Watu wa mikoba wana jibu lao, tumelisikia. Wanasema maswahaba walipokea kondoo kwa kumsomea mtu. Ni kweli, hadithi ya Abu Said al-Khudri ni sahihi. Lakini isomeni yote. Watu wa kabila lile walikataa kuwakaribisha wasafiri, mkubwa wao akaumwa na mdudu mwenye sumu, wakaja wenyewe kuomba. Akasomewa Fatiha, akapona, malipo yakatolewa, na bado maswahaba hawakuyagusa mpaka walipomuuliza Mtume. Hakuna aliyebisha hodi kwa mtu mzima wa afya akamwambia ana jini. Hakuna aliyeagizwa kuku mweusi. Hakuna dhahabu iliyolazwa usiku saba. Na kisomo kilikuwa Fatiha, ambayo mtoto wa chuoni anaijua, si maneno ya kunong'ona ambayo hata mwenyewe fundi hawezi kuyaandika.

Bi harusi ndiye mteja rahisi kuliko wote, na wao wanajua. Mnafahamu hali ya wiki zile. Hulali. Unakula kidogo kwa sababu gauni limeshashonwa. Watu wanaingia na kutoka, kila mmoja na neno lake. Una khofu ya nyumba ya watu, khofu ya usiku wa kwanza ambao hakuna aliyekueleza kwa Kiswahili cha kueleweka, khofu ya mama mkwe. Moyo ukienda mbio ni haki yake kwenda mbio. Halafu mtu anakuja anakipa khofu hiyo jina moja tu, jini mahaba, na bei. Na tofauti na wiki nyengine zote za maisha yako, wiki ile una fedha mkononi na dhahabu mwilini. Mzuka hauji pasipo na mali, tulisema.

Ndiyo maana tunataka wanetu wajifunze swali la Velma mapema, kabla hawajavikwa hina. Nani anapata nini hapa? Nani alikuwa wa mwanzo kulitaja jini, na nani alimleta fundi? Kwa nini dawa ni dhahabu na si maji? Kwa nini chumba kinazindikwa cha bi harusi na si duka la bwana harusi? Kuuliza si utovu wa adabu. Tumelelewa tuinamishe macho mbele ya wakubwa, na ni malezi mema, lakini kuinamisha macho si kuyafumba.

Na msituambie ni mambo madogo ya wanawake. Wale wenye umri mnakumbuka mwaka 1995, khofu ya popobawa ilivyoanzia Pemba ikavuka mpaka Unguja. Watu wazima walilala nje makundi makundi, wamewasha moto, wamekumbatiana. Hatutaki kumcheka aliyeogopa, maana waliosema wameumizwa tuliwajua na wengine hawakusema kabisa. Lakini mjini aliuawa mtu na kundi la watu, mgonjwa wa akili masikini ya Mungu, kwa kudhaniwa yeye ndiye popobawa. Kundi lile lilikuwa na mapanga na mawe. Halikuwa na mtu mmoja wa kusema ngojeni, tumtazame usoni kwanza. Na usoni hakuwa na kinyago cha kuvuliwa. Alikuwa ni yeye tu.

Tunarudi kwa bi harusi wetu. Usingizi haukurudi hata baada ya laki tatu za mwanzo kulipwa. Kuku alikuwa ameshakwenda, bangili imeshakwenda, na fundi ameleta taarifa mpya kwamba jini ni wawili. Mdogo wake wa kiume, mwanafunzi wa skuli, ndiye aliyesema apelekwe hospitali. Akapimwa. Damu ilikuwa chini sana, kwa yale maelezo ya kujinyima kula na siku zake nzito alizokuwa akizificha. Akapewa vidonge vya madini ya chuma na akaambiwa ale mchicha, maharage na ini. Wiki chache baadaye moyo ukatulia. Gauni likabidi liachiliwe kidogo kiunoni, alhamdulillahi.

Halafu, kama katika kila sehemu ya katuni ile, ikajulikana nani alikuwa chini ya kinyago. Si fundi, fundi ni kinyago chenyewe. Mmoja wa wanawake wale waliokuja kutazama chumba alikuwa na fungu lake katika kila laki iliyolipwa, na bi harusi wetu hakuwa wa kwanza kupelekewa. Hatumtaji, na hatumwelezi zaidi ya hapo, kwa sababu ana watoto na wao hawana kosa. Mume, Mungu amuweke, aliposikia alikwenda mwenyewe kuomba radhi kwa mama mkwe wake. Ndoa imefungwa na wako salama.

Mto ulifuliwa na sasa uko kwa mdogo wake. Bangili ndiyo haijarudi. Wiki iliyopita mama wa bi harusi alimwendea fundi mara ya tatu kuidai, akajibiwa kwamba imeshazikwa chini ya mbuyu kwa amri ya jini mkubwa, na atakayeifukua atapofuka macho. Tumemshauri aende na sheha, na achukue jembe.